Timu Ni ya Nani? Arua, Onduparaka na Miji Iliyopenda Timu Zake

Safari hii tunaandika historia ya mpira, lakini swali letu ni la kila siku: mtu akifika mji ambao hakuzaliwa, ni lini anaweza kusema "timu yetu" na mtu asimkatalie?

Swali hili limetokea kwenye kikundi chetu wenyewe. Wengine tumetoka Kongo, wengine Sudan Kusini. Kuna mwenzetu alikuwa anashangilia timu ya Arua, akaambiwa, "Wewe umetoka ng'ambo, hii si timu yenu." Watu walicheka, mambo yakaisha. Lakini tulibishana siku nyingi. Wengine walisema jirani alikuwa na haki. Wengine walisema hapana. Basi tukaamua kuangalia miji mingine ilifanyaje, kuanzia hapa kwetu.

MJI ULIOAMBIWA UKO MBALI

Kutoka Kampala mpaka Arua ni karibu kilomita 500, na lazima uvuke Nile. Kwa watu wengi wa Kampala, West Nile ilikuwa ni kule mbali, kule kwa Amin. Kweli Idi Amin watu wake walikuwa wa Koboko. Alipoangushwa mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya 1980, watu wa Arua na Koboko walilipia kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyafanya. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali ya wakati huo. Watu wengi sana walikimbia. Walikimbilia wapi? Zaire, yaani Kongo ya leo, upande wa Aru na Ariwara. Na Sudan, upande wa Yei.

Vijana, hapo msipite haraka. Wazee wa hapa ambao leo ni wenyeji wetu walikuwa wakimbizi kwetu. Walilala kwenye mashamba ya babu zetu. Ukikaa na mzee wa Vurra akianza kuhesabu kwa Kiswahili cha Kongo au kwa Kiarabu cha Juba, usishangae, alijifunza huko. Walianza kurudi katikati ya miaka ya 80, wakakuta nyumba zimeanguka na nyasi zimeota mpaka mlangoni.

Sasa turukie mwaka 2011. Vijana wa Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, wakaanzisha timu. Wakaipa jina la kijiji chao, na watu wakaiita Viwavi. Mwaka 2016 timu hiyo ya kijiji ikapanda ligi kuu ya Uganda. Uwanja wao ulikuwa Green Light, mjini Arua. Wakati huo Arua ilikuwa bado haijaungwa na umeme wa gridi ya taifa. Mji ulitegemea mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, na giza lilikuwa la kawaida. Lakini siku ya mechi watu walijaa. Boda zilipanga mstari, maduka mengine yalifungwa mapema, na timu kubwa za Kampala zilipanda basi siku nzima kuja kucheza kwetu. Ile barabara ambayo kila mtu alisema ni ndefu sana, sasa wao ndio walilazimika kuipanda.

Mwaka 2017 mambo yakazidi. Januari, Uganda Cranes walicheza kombe la Afrika kule Gabon, mara ya kwanza tangu 1978, na ndani ya kikosi alikuwemo Muhammad Shaban, mshambuliaji wa Onduparaka. Mwaka huo huo fainali ya Kombe la Uganda ililetwa Arua, uwanja wa Green Light. KCCA ya Kampala ilicheza na Paidha Black Angels, timu ya Paidha, huku huku West Nile. KCCA walishinda. Lakini fainali ya nchi nzima kuchezwa Arua, na timu ya West Nile kuwa ndani yake, ilikuwa jambo ambalo mtoto wa mwaka 1981 hangeweza hata kuliota.

Mwaka 2021 timu ya pili, Arua Hill, nayo ikapanda. Kwa misimu miwili, 2021/22 na 2022/23, Arua ilikuwa na timu mbili kwenye ligi kuu. Na mji wenyewe ulikuwa umepewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Jiji jipya, timu mbili. Ilikuwa raha.

MIJI ILIYOJENGWA NA WAGENI

Sasa tuende Lubumbashi, maana wenzetu wa Kongo hawatatusamehe tukiiacha.

Lubumbashi ni mji wa shaba. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910, wakauita Élisabethville. Hakukuwa na watu wa kutosha wa kuchimba, kwa hiyo kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo ni Zambia ya leo. Kila mtu na lugha yake. Wakahitaji lugha moja ya kazini na sokoni, wakashika Kiswahili, kile cha kwao ambacho mtu wa Zanzibar akikisikia anakuna kichwa. Yaani Kiswahili cha Lubumbashi kilikua kwenye midomo ya watu waliotoka kwingine.

Na mpira ukawa hivyo hivyo. Mwaka 1939 mapadri Wabenediktini walianzisha timu ya vijana wa shule. Timu hiyo ndiyo leo tunaiita TP Mazembe. Wafanyakazi wa reli walikuwa na ya kwao, Saint Éloi Lupopo. Mpaka leo nyumba moja Lubumbashi inaweza kugawanyika, baba Lupopo, mtoto Mazembe, na chakula kikapikwa kwenye sufuria moja. Mazembe walichukua ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, halafu wakarudi 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 kule Abu Dhabi waliwatoa Internacional wa Brazil 2–0 na kuingia fainali ya klabu za dunia, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Inter Milan waliwafunga 3–0, sawa. Lakini nani amesahau kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi?

Nairobi ni hadithi ya namna hiyo hiyo. Watu walitoka magharibi ya Kenya kutafuta kazi mjini. Waluhya wakaunda Abaluhya mwaka 1964, na Waluo wakaunda Gor Mahia mwaka 1968. Kwa mtu aliyelala kitanda kimoja na wenzake watatu huko Eastlands, timu ilikuwa mahali pa kukutana na watu wa nyumbani, kupata habari za msiba, kusikia wapi kuna kazi. Mwaka 1980 Abaluhya walibadilisha jina likawa AFC Leopards, maana serikali haikutaka majina ya makabila kwenye timu. Jina likaondoka, wimbo wa jukwaani ukabaki ule ule.

Dar es Salaam nako, Yanga ilianza 1935 na Simba 1936. Simba ilipita majina mengi, pamoja na Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Zote mbili zilikulia Kariakoo, mtaa wa watu waliotoka kila upande wa nchi. Ukifika Dar leo kutoka Kigoma au Mtwara, hutaulizwa kwanza wewe ni kabila gani. Utaulizwa, "Simba au Yanga?" Ukijibu, tayari una marafiki nusu ya mji na watani nusu nyingine.

Hapo tukaanza kuona kitu. Timu hizi hazikungoja watu wote wawe wenyeji ndipo wazishangilie. Watu walikuja wageni, wakashika timu, na kwa kushika timu wakawa watu wa mji.

BROOKLYN, NA MCHEZO WA RUNGU

Kaka na dada kutoka Marekani mara nyingi mnatueleza habari za besiboli, ule mchezo wa rungu na mpira mdogo mgumu. Wengi wetu hatuujui. Uganda lakini inaujua kidogo. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda kombe la dunia la watoto kule Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu ya karatasi za kuzaliwa ambazo hazikulingana. Sisi tuliosimama kwenye foleni za karatasi tunajua maumivu hayo. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo, na wakawafunga wenzao wa Oregon 3–2.

Lakini hadithi ya besiboli inayotuhusu zaidi ni ya Brooklyn. Brooklyn ulikuwa mji wake wenyewe mpaka 1898, ulipounganishwa na New York. Tangu hapo ukawa kama mdogo wa familia, unachekwa na wakubwa wa ng'ambo ya mto. Walijaa humo watu waliotoka Italia, Ireland, Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, na Wamarekani weusi waliotoka kusini. Timu yao iliitwa Dodgers, yaani wakwepaji, kwa sababu watu wa Brooklyn walikuwa wanakwepa tramu barabarani kila siku. Sisi tunaokwepa boda pale mjini tungeweza kuchukua jina hilo hilo!

Timu hiyo ndiyo iliyomchezesha Jackie Robinson tarehe 15 Aprili 1947, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kubwa kwa zaidi ya miaka 60. Ilifika fainali mara kwa mara na kufungwa na Yankees, matajiri wa mji ule ule. Mwaka 1955 hatimaye wakawafunga Yankees, na Brooklyn ikakesha.

Miaka miwili baadaye timu iliondoka. Mwenye timu, Walter O'Malley, alitaka uwanja mpya mahali fulani, wakubwa wa jiji wakakataa, naye akahamisha timu mpaka Los Angeles, upande wa pili kabisa wa nchi. Mechi ya mwisho uwanjani Ebbets Field, tarehe 24 Septemba 1957, ilitazamwa na watu 6,702 tu. Mwaka 1960 uwanja ukabomolewa, zikajengwa nyumba. Wazee wa Brooklyn waliendelea kuinung'unikia mpaka uzeeni.

MAPENZI PEKE YAKE HAYATOSHI

Tungeweza kumalizia hapo na kusema mpira unaunganisha watu wote, kama inavyoandikwa kwenye fulana za mashindano. Lakini historia inatukataza.

Lubumbashi ile ile ya Mazembe, mwaka 1992 na 1993, wanasiasa walichochea watu wa Katanga dhidi ya watu wa Kasai. Hao Wakasai babu zao ndio waliletwa kuchimba shaba. Walizaliwa pale, walisema Kiswahili cha pale, walishangilia timu za pale. Wakafukuzwa kwa maelfu mengi, hasa Likasi na Kolwezi, wakasubiri treni vituoni siku nyingi, na wengi walikufa njiani. Jukwaa walilokaa pamoja halikuwaokoa.

Na Los Angeles, uwanja ambao Dodgers walijengewa na kufungua mwaka 1962 uko mahali panapoitwa Chavez Ravine. Palikuwa na mitaa mitatu ya familia zenye asili ya Mexico. Waliondolewa kuanzia mwaka 1950 kwa ahadi ya nyumba za serikali, ambazo hazikujengwa. Familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu mwaka 1959. Kwa hiyo Brooklyn walilia kwa kupoteza timu, na watu wa Chavez Ravine walilia kwa sababu timu ilikuja. Kila mkimbizi anaelewa sehemu hii bila kuelezwa zaidi.

Hapa kwetu pia raha haikudumu. Mwisho wa msimu wa 2022/23 Onduparaka ilishuka daraja. Msimu uliofuata Arua Hill nayo ikapoteza nafasi yake. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, Arua haikuwa na timu hata moja kwenye ligi kuu. Timu inataka mishahara, basi, mafuta, chakula cha wachezaji, dawa za majeraha, na safari ya kwenda na kurudi Kampala, kila wiki mbili hivi. Kelele za mashabiki hazinunui mafuta. Na matokeo yakiwa mabaya, hata kelele zenyewe zinapungua, kama zile siku za mwisho za Ebbets Field.

Kwa hiyo tunasema hivi. Timu inakuwa ya mji pale watu wanapoipa kitu: miguu yao, sauti zao, sente zao, watoto wao wa kuichezea. Inabaki ya mji pale watu hao hao wanapokuwa wengi na wanapoheshimiana nje ya uwanja pia. Ikikosa la kwanza, mwenye mali anaiondoa. Ikikosa la pili, mnakaa jukwaa moja leo na kesho mnafukuzana.

SASA SISI

Turudi kwenye ubishi wetu. Yule jirani aliyesema "si timu yenu" alikuwa anapima kwa mahali mtu alipozaliwa. Ukipima hivyo, Mazembe si ya nusu ya Lubumbashi, Simba na Yanga si za nusu ya Dar, Gor si ya Nairobi hata kidogo. Kipimo hicho kinavunjika mkononi. Na wazee wa Arua wenyewe wangekikataa, maana walipokuwa Aru na Yei hawakupenda kuambiwa kila siku kwamba wao ni wa kupita.

Lakini na sisi tusijidanganye. Huwezi kuja siku ya kombe tu, ukavaa jezi ya kuazima, ukasema yetu. Wakati Green Light imejaa, mgeni mmoja zaidi haonekani. Sasa timu ziko chini, majukwaa yana nafasi, na mtu anayekuja anaonekana. Huu ndio wakati wa kuja. Wenyeji watakumbuka nani alikaa nao kwenye jua timu ikifungwa na watu wachache wakitazama. Kumbukumbu hiyo ina nguvu kuliko kadi yoyote tuliyopewa.

Wachezaji wenzetu wa makambini, mna miguu. Timu za wilaya na za mtaa zinahitaji wachezaji. Nendeni mkafanye majaribio, hata kama mtaanzia benchi. Dada zetu pia, msikae pembeni mkisubiri kualikwa. Wenye boda, wenye maduka, wenye mashine za kunyolea, mnaweza kuchangia kidogo kidogo. Jina la timu likibaki la kijiji cha Arua, hakuna neno. Jina la Mazembe halikuwa la kabila la mtu yeyote.

Na kaka na dada wa mashirika, mtuvumilie kidogo. Mnatuletea mashindano ya amani ya siku moja. Tunashukuru, tunapata fulana, soda na picha. Lakini jioni basi la wakimbizi linarudi kambini na basi la wenyeji linarudi mjini, na timu zote mbili zinakufa siku hiyo hiyo. Fedha zile zile zingeweza kulipa usafiri wa vijana kumi wa kambini kucheza ligi ya wilaya mwaka mzima, wakiwa wamechanganyika na wenyeji ndani ya timu moja. Timu za wakimbizi dhidi ya wenyeji zinatufundisha kufungana. Timu ya pamoja inatufundisha kupasiana. Picha zitakuwa chache, lakini baada ya miaka kumi mtu ataweza kusema, "Huyu beki alitoka Lobule, tulicheza naye."

Wachezaji wa Onduparaka walianza na uwanja wa kijiji na jina ambalo Kampala ilishindwa kulitamka vizuri. Miaka mitano tu wakawa ligi kuu. Kwa hiyo hatusemi mambo ya ndoto.

Tuambieni basi kwenye maoni: huko mlipo, timu gani mnaiita yenu, na mwaka huu mmeipa nini?